Murithi Asiyekuwako

Siku yangu ya kwanza kwa kazi ya nyumbakumi nilifundishwa kukaa mulangoni. Hakuna aliyenipa kalamu wala muhuri. Muzee Ngabo, aliyekuwa shefu wa avenyu yetu, mukubwa wa njia hii na nyumba zake hapa Mapendo, alinikuta asubuhi nakaanga mandazi, akasema, "Mama Mwamini, epua mafuta. Papa Amuri amekufa. Twende."

Nikamuuliza kama nibebe sukari ya matanga. Akajibu, "Beba kiti."

Papa Amuri alikuwa fundi wa kushona, Mungu amurehemu. Tulipofika, wanaume walikuwa wamekaa mbele ya nyumba, wanawake ndani wanalia. Muzee Ngabo alitoa pole kwa kila mutu, halafu akazunguka nyuma. Akaweka kiti changu katikati ya mulango wa jikoni, akakaa, akaomba chai. Mimi nikatafuta kibao, nikakaa pembeni yake. Haikupita muda, mudogo wa marehemu, Shabani, akatokea ndani amekumbatia mashini ya kushona. Ameifunika na shuka kama mutoto muchanga.

"Muzee, sogea kidogo nipite."

"Siwezi. Nimefiwa."

"Hata sisi tumefiwa."

"Naona. Mumefiwa mpaka munabeba na mashini."

Wanawake wa jikoni wakainamia sufuria ili wasionekane wanacheka. Shabani akarudi ndani na mashini yake. Kiisha akajaribu na redio. Muzee Ngabo akamuambia vizuri, aiwashe basi, tusikilize habari. Tulikaa mulango ule mpaka matanga yalipoondolewa, na mashini ikabaki kwa watoto wa Amuri. Binti yake Sakina aliishonea mpaka akaolewa.

"Watu wanafikiri urithi unaanza tribinali, mbele ya juji," Muzee Ngabo aliniambia tulipokuwa tunarudi. "Unaanza mulango wa nyuma. Mutu akikufa, vitu vyake vinakaa bila mwenyewe mpaka familia ikae chini. Hapo katikati, wa kukaa mulangoni ni sisi."

Nyinyi vijana munaosoma hapa labda hamujui nyumbakumi ni nani. Ni mutu wa kuangalia nyumba kumi. Zangu zilikuwa zaidi ya kumi, sababu watu wa Goma wanajenga haraka kuliko serikali inavyohesabu. Mugeni akilala kwako, nyumbakumi ajue. Mutoto akizaliwa, ajue. Mutu akikufa, awe wa kwanza kujua, hata kabla ya padri ao shehe. Mshahara hakuna. Juu ya nyumbakumi iko shefu wa avenyu, juu yake shefu wa kartie, yaani mutaa muzima, na kuendelea mpaka kwa wakubwa ambao hatuwaoni.

Mimi nilichaguliwa sababu ya majina. Sikusoma sana. Baba yangu alitoka Maniema na biashara yake ya nguo, akaona masomo ya muvulana yanatosha nyumba moja. Lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hata leo, nikikosa usingizi, natembea avenyu yetu ya zamani kwa majina. Naanzia kwa Mama Furaha muuza makala, napita kwa Papa Sebisogo na muke wake Nyota, kwa Muzee Kitsa, kwa Sakina, mpaka chini kwa wale mapacha Shukuru na Asifiwe. Wengi wamekufa. Wengine wako Kampala, wengine Kinshasa, wengine hatujui. Nawaita wote, na kila moja anaitika na sauti yake.

Baada ya miaka nilipelekwa kusaidia kwenye biro, ile ofisi ya kartie, kukaa na wazee wa kusuluhisha. Shefu wa kartie alikuwa Papa Bwira, mutu munene, mupole, ambaye hakupenda kusimama. Hapo ndipo nilijifunza njia yote ya urithi, na acha niiseme, sababu naona mpaka sasa watu wanaipoteza.

Mutu akifia hospitali, hospitali inatoa karatasi ya kifo. Akifia nyumbani, sisi wa avenyu tunashuhudia, kartie inaandika, komini, ofisi ya juu ya kartie, inatoa cheti. Bila cheti, mbele ya sheria marehemu angali hai, hata kama mumemuzika wenyewe. Matanga yakiisha, familia inakaa. Mukutano ule unaitwa konsei ya famili. Pale wanataja watoto wote wa marehemu, na ninasema wote, hata wa nje aliyewakubali. Wanataja na mujane. Halafu wanachagua mutu wa kukusanya mali na kuigawa, ndiye likidateri. Wanayokubaliana yanaandikwa kwenye karatasi inayoitwa prose-verbali, wakubwa wa familia wanatia sahihi na sisi tunashuhudia. Karatasi ile inaenda tribinali ndogo, juji anaipitisha. Ni hapo tu ndipo watu wa ardhi wanaweza kutoa jina la marehemu kwenye parseli, kile kipande chake cha ardhi. Sisi Waislamu tuna hesabu yetu ya mirathi, shehe anaijua, lakini kwa karatasi ya parseli hata shehe wetu alipanga foleni kwa Papa Bwira kama wengine.

Kosa kubwa la watu lilikuwa kwa likidateri. Mukubwa akishachaguliwa, anafikiri amepewa nyumba. Papa Bwira alikuwa anawauliza, "Kwenu, kwenye karamu, mutu wa kugawa nyama anakula peke yake?" Wanajibu hapana. "Basi wewe njo ule mugawaji. Kisu iko kwako, nyama haiko yako." Alisema maneno haya kwa kila familia, na kila mara alicheka kama ameyasikia leo.

Kosa la pili ni baba wadogo na baba wakubwa kufikiri mali ya ndugu yao ni yao. Sheria inaanzia kwa watoto. Mujane anakaa kwenye nyumba yake, hafukuzwi. Nimeyasema haya kwa sauti zote nilizo nazo, ya kubembeleza na ya ukali.

Muzee Ngabo alipokufa, Papa Bwira alinirudisha Mapendo nishike avenyu. Kwa hiyo nilikuwa shefu wa avenyu wakati Muzee Mbusa alipofariki, na habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Muzee Mbusa alikuwa Munande wa Butembo. Alikuwa anapakia maharagi kule muji wa Kiwanja na kuyauza hapa. Muke wake tulimuita Mama Paluku, kwa jina la mutoto wa kwanza, na alikuwa rafiki yangu kuliko dada zangu wa tumbo. Tulitaniana sana. Mutu asiyekaa na Wanande ajue kwamba wanaita watoto kwa kufuatana na nafasi ya kuzaliwa. Muvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, na inaendelea hivyo kwa kila mama. Nilikuwa namuambia, "Nyinyi munahesabu watoto kama magunia." Naye anajibu, "Afazali sisi. Kwenu mutu akiita Ramazani, soko nzima inageuka."

Alikuwa na Paluku, Kambale, Kasereka na Kakule, na musichana moja, Masika. Wote walizaliwa hapa. Kasereka nilimupokea kwa mikono yangu, sababu muvua ilizuia gari, na mama yake hakungoja.

Yule Kasereka alikuwa mutoto wa kuimba. Akitumwa maji, tunajua amefika wapi kwa kusikiliza. Alipokuwa kijana alikosana na baba yake. Baba alitaka amufuate kwenye maharagi, yeye alisikia habari za machimbo ya Walikale. Asubuhi moja akapita kwangu na mufuko begani, akaomba mandazi ya njiani. Nikamuuliza kama baba anajua. Akasema, "Atajua nikirudi na kitu." Nikamusindikiza mpaka pale magari yanapakia, nikamuona akipanda juu ya mizigo. Kwa muda alikuwa anapiga simu kwa mama yake. Kiisha simu ikawa haiiti tena. Madereva waliulizwa, wachuuzi waliulizwa. Moja alisema alimuona, mwingine alisema yule aliyeonekana ni Kasereka mwingine, na kweli huko Kasereka ni wengi.

Baba akafa bila habari yake.

Matanga hayakuwa na shida. Kaka wa marehemu, Papa Katembo, alitoka Butembo na watu wake, wakakaa na heshima, na hakuna aliyebeba kitu. Mulango wa nyuma nilikaa kwa mazoea tu, nakunywa chai. Shida ilikuwa ukuta.

Wakati volkano ilipoteremuka muji, moto wake ulipita juu ya parseli ya Mbusa, ukaacha mawe meusi na ukaficha mipaka yote. Tulipima tena kwa kukumbuka. Jirani wa upande wa chini alisimama na sisi, akaonyesha mwenyewe mahali mupaka ulipopita. Lakini yule jirani aliuza, na mununuzi alikuwa anajenga ukuta wa mawe usiotulia mahali pamoja. Kila ukirudi kutazama, umeingia kidogo kwa Mbusa. Wakati muzee angali hai, alikuwa anatoka na fimbo, wanabishana, ukuta unarudi. Sasa mwenye jina amekufa. Hakuna mutu mwenye haki ya kumushitaki mujenzi mpaka juji apitishe likidateri.

Paluku alikuja kwangu kabla ya mukutano wa familia. Alikuwa mwalimu wa shule, mutu wa taratibu. Alikaa, akazungusha kofia mikononi.

"Mama Mwamini, avoka, yule wakili wetu, anasema dosie ya karatasi zetu itakwama."

"Juu ya nini?"

"Juu ya Kasereka. Anasema, leta mutu ao leta cheti. Kama murithi haonekani na hakuna karatasi ya kifo, kila siku watatuuliza iko wapi."

"Na wewe unataka nini kwangu?"

Akaacha kuzungusha kofia. Halafu akasema polepole, "Ushuhudie kwamba alikufa. Nani atauliza? Wewe njo shefu wa avenyu."

"Nimuzike wapi, mwanangu?"

"Mama, usinichukie. Hata mimi namutafuta kwenye kila gari. Lakini ule ukuta hautungoji. Utafika kwenye choo, utafika kwenye jiko. Watachukua nusu ya parseli, na mama yangu atabaki anakaa kwenye kipande, ao atatoka kabisa. Mimi nitafanya nini na mudogo wangu asiyekuwako, kama nimepoteza mama aliyeko?"

Sikumukasirikia. Nataka mujue hilo. Alikuwa na haki, na mama yake alikuwa na haki, na ukuta ulikuwa unapanda. Nilimuambia tu kwamba mukono wangu unashuhudia vitu nilivyoviona. Akasema, "Basi tutamuacha. Hatutamutaja." Akavaa kofia yake, akaenda.

Mukutano ulifanyika sebuleni kwa marehemu. Papa Katembo alikaa kwenye kiti kikubwa, watoto wakajipanga kwenye makochi, mimi na nyumbakumi wawili tukakaa karibu na mulango kama mashahidi. Mama Paluku alikaa chini kwenye mukeka, na kitambaa cha matanga kichwani, anatazama miguu yake.

Papa Katembo akaomba mukubwa ataje warithi ili waandikwe. Paluku akasimama.

"Mimi Paluku. Kambale. Kakule. Na dada yetu Masika."

Mule ndani walikuwa Wanande watupu, isipokuwa mimi, na mimi nimekaa nao miaka yote hiyo. Ilikuwa kama kushuka ngazi gizani na kukosa kidaraja kimoja. Miguu ya kila mutu ilitafuta wa tatu. Papa Katembo alikohoa. Kambale akatazama dirisha. Muandishi, mupwa wao kutoka Beni, alishika kalamu juu na hakuishusha.

"Andika," Paluku akasema.

Nikafungua midomo, lakini Mama Paluku alinitangulia. Hakuinua kichwa.

"Kakule," akaita.

"Naam, mama."

"Wewe nilikuzaa nafasi gani?"

"Ya ine, mama."

"Wa tatu ni nani?"

Kakule, aliyekuwa kijana mukubwa mwenye ndevu, akamutazama kwanza Paluku. "Ni Kasereka, mama."

"Kama Kasereka hakuzaliwa, wewe haukuwa wa ine. Basi leo ujiite Kasereka, ushike nafasi yake, na mimi nitatafuta wa kuitwa Kakule. Mutu haruki tatu akafika ine. Mimi niliye­wazaa sikuruka."

"Mama, siwezi kuitika jina yake," Kakule akasema, na akalia mbele ya watu wote.

Paluku alikuwa angali amesimama. "Mama, hatumukatai. Tunataka kulinda nyumba yako."

"Nyumba ya nani? Kama mutoto wangu hayuko ndani ya nyumba, na kwenye karatasi mumutoe, atakuwa wapi?" Hapo ndipo alipoinua uso. "Akikufa, nitalia. Munajua mimi nalia. Lakini sijamulilia bado. Musinizikie mutu ambaye sijamulilia."

Papa Katembo alikuwa mutu wa biashara, na alitaka kupata gari la kurudi Butembo. Alitazama mujane, akatazama chini, akashika kichwa chake. "Muandike," akamuambia muandishi. "Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Masika. Pembeni ya Kasereka, uweke: hayuko."

"Avoka alisema itakwama," Paluku akasema.

"Ikwame na watu wote ndani."

Paluku akachaguliwa likidateri, hakuna aliyepinga. Mimi nikatia sahihi yangu, ile ya polepole ya mutu asiyesoma sana.

Ikakwama kweli. Nilienda tribinali na wale watoto mara nyingi mpaka walinzi wakanizoea. Dosie ilirudishwa, ikaombwa ushuhuda, ikarudishwa tena. Upande wa Mapendo ukuta ulifika kwenye kona ya choo. Kambale aliacha kusalimiana na mama yake kwa muda. Alipita barazani kwangu siku moja, akasema, "Mama Mwamini, rafiki yako atatulaza njiani kwa ajili ya jina." Nilimupa chai, akainywa amesimama.

Siku tuliyoitwa mbele ya juji, tulimukuta mwanamuke wa Kisangani, sio muzee, mwenye sauti ya chini. Tulimuita Madame Juji. Alisoma yale majina, akafika pembeni ya la tatu, akavua miwani.

"Huyu Kasereka iko wapi?"

Paluku akaeleza yote. Hakuficha wala hakuongeza. Nilijivunia yule kijana.

"Shefu wa avenyu ni nani?"

Nikasimama.

"Mama, unashuhudia nini juu yake?"

"Nilimuona akizaliwa, Madame Juji. Na nilimuona akipanda gari ya Walikale. Kufa sikumuona."

Akageuka kwa mujane. "Na wewe, mama?"

"Sijamulilia," Mama Paluku akajibu.

Madame Juji aliandika kwa muda. Avoka wetu alikuwa anapangusa shingo. Kiisha yule juji akatuambia kwa Kiswahili, ili kila mutu asikie, maneno ambayo niliyashika kama ninavyoshika majina.

"Asiyekuwako si aliyekufa. Kartie haiwezi kumuua, na shefu wa avenyu hawezi, na ndugu hawawezi. Kama siku moja munachoka kungoja, murudi hapa, tribinali itatafuta na itasema. Mpaka siku ile yeye ni murithi kama wenzake. Fungu lake litakaa kwa likidateri, na likidateri atalichunga, hatalila." Akamutazama Paluku. "Umesikia?"

"Nimesikia, Madame."

"Basi nimekupitisha. Uende usimamishe ule ukuta."

Ukuta ulisimamishwa. Haikuwa vita, ilikuwa karatasi na wapimaji na mimi nikionyesha mahali yule jirani wa kwanza alipokuwa ameweka mukono wake. Mawe yaliyoingia yalitolewa. Parseli ikagawanywa, mama akabaki kwenye nyumba yake, na wale wengine kila moja akajua kipande chake. Fungu la Kasereka likawa kona ya juu, inayogusa njia.

Kona ile ilikuwa mawe matupu ya volkano. Mama Paluku alianza kubeba udongo na beseni, kidogo kidogo, akaumwaga kati ya mawe, akapanda lengalenga, zile mboga za majani. Watu wa biashara waliiona. Moja alitaka kuweka duka la simu, mwingine karakana ya mapikipiki. Wanamuendea Paluku, Paluku anawatuma kwa mama.

"Mwenyewe hayuko," mama anawajibu.

"Atarudi lini?"

"Sasa hayo mumuulize yeye."

Alipopika zile lengalenga alinipelekea kila mara, akisema, "Hizi ni za kwa Kasereka," kama vile wengine wanasema hizi ni za kutoka Kiwanja. Tulikula pamoja, wazee wawili, na gari lolote lililosimama njiani lilimufanya anyamaze, kijiko mukononi, mpaka liondoke. Sikuwahi kumuambia aache kusikiliza. Nilikuwa nasikiliza na mimi.

Nilistaafu miguu ilipokataa. Kustaafu kwetu hakuna sherehe. Unakabizi muhuri kwa mwingine, unarudi barazani. Aliyenifuata ni kijana anaitwa Dieumerci, ana adabu, anaandika yote kwenye telefone. Lakini avenyu aliyoipokea si ile. Nikiita majina yangu ya usiku, naona kwamba nyumba nyingi zina watu nisiowajua, na wale ninaowajua hawana nyumba hapa. Tangu vita iingie na mambo yabadilike muji huu, familia zimepasuka kama mahindi kwenye moto. Konsei ya famili wanafanya kwa simu, moja yuko Bunia, mwingine Nairobi, wanapiga kelele, mtandao unakatika wakati wa kutaja mutoto. Milango ya tribinali ile tuliyoizoea imefungwa. Dosie za marehemu zinangoja. Nawaambia wanaokuja kuniuliza: mukae tu, mutaje watu wote, muandike, mutie sahihi, muchunge karatasi. Wakati wa kuipeleka utafika. Kinachoharibu familia si kuchelewa, ni kuacha mutu nje.

Mama Paluku alikufa wakati wa mavuno ya maharagi. Aliugua muda mufupi. Nilikuwa nimeshika mukono wake, na neno la mwisho alilonipa lilikuwa la kunituma: nisiruhusu mutu aichukue kona. Baada ya matanga watoto wakakaa, wakanipeleka na kiti changu ijapokuwa sina tena kazi. Papa Katembo, muzee sana sasa, haoni vizuri, alisema labda umefika wakati, mama ameenda, tulilie wote wawili, yeye na Kasereka, pamoja tumalize, na watoto wa watoto wapate mahali pa kujenga.

Paluku ana mvi leo. Nyumba ile imemubana kweli. Wajukuu wanalala hata koridoni.

"Baba mukubwa," akasema, "mwenye kumulilia alikuwa mama. Yeye ameenda bila kulia. Sisi tutaanza aje?"

Kambale, yule aliyewahi kukataa kumusalimia mama yake, ndiye aliyechukua kalamu na kuandika jina la tatu mwenyewe kwenye karatasi ya warithi.

Kwa hiyo nyinyi munaosoma, hasa nyinyi madereva na wachimbaji na wachuuzi munaozunguka Walikale na mbali kuliko Walikale, hii ndiyo kazi ya mwisho ninayoifanya, na siifanyi kwa muhuri wa mutu. Mukimukuta mwanaume anaitwa Kasereka, baba yake Mbusa wa maharagi, aliyezaliwa Mapendo siku ya muvua, mutu wa kuimba, mumuambie pole. Baba yake amezikwa, na mama yake pia. Mumuambie asiogope kurudi mikono mitupu, hakuna anayemuuliza alete nini. Paluku yuko palepale. Kona yake inagusa njia, lengalenga zimekuwa msitu, sababu hatuna ruhusa ya kuzing'oa. Na kama amechelewa sana akikuta mimi sipo, aulize mutu yeyote wa avenyu. Watamuonyesha.